Upanga wa Soulcalibur na panga la Beni

Wazazi wengi wa Beni na Butembo hawafurahi kumwona mtoto ameshika manete, anakata watu kwenye televizyo. Wanaeleweka. Tangu Oktoba 2014, wauaji wa ADF katika eneo la Beni wametumia mapanga mara nyingi, na kati ya watoto waliopokelewa Butembo wako waliokimbia usiku.

Lakini mchezo wenyewe una historia yake. Kampuni ya Namco, ya Japani, ilitoa Soul Edge kati ya 1995 na 1996, wakati michezo mingi ya kupigana ilikuwa ya ngumi na mateke. Julai 1998 ikafuata Soulcalibur. Siku chache baadaye, tarehe 2 Agosti, vita ya RCD ikaanza huku Kivu. Nani angefikiria mashine za Tokyo? Soulcalibur II na III, ya mwaka 2005, zilitengenezwa pia kwa PlayStation 2, ile mashine ambayo sale nyingi za michezo zimeitegemea.

Utamu wake uko kwenye miguu. Mpiganaji anatembea pande nane. Pigo la kutoka juu lina nguvu, lakini mwenzako anaweza kulikwepa kwa kusogea kando; pigo la ubavuni linamkamata huyo anayesogea. Kilik, mwenye fimbo ndefu, anakuweka mbali. Taki, mwenye visu vifupi, lazima aingie karibu. Halafu kuna ukingo wa uwanja: anayekaribia kushindwa anaweza kumsukuma bingwa nje, na raundi imekwisha. Ndiyo maana hata mtoto anayebonyeza ovyo anamshinda mkubwa, na benchi linapiga kelele.

Damu hakuna, ni cheche tu. Aliyeanguka anasimama raundi inayofuata. Wote wawili wamekubali kuingia, wote wana silaha. Vijijini kuzunguka Beni, waliouawa walikuwa wakulima shambani au watu waliolala. Kufananisha mambo hayo mawili ni kuupa mchezo uzito usio wake.

Hata hivyo, mtoto aliyeona panga kwa macho yake anaweza kushtuka akisikia chuma kikigongana. Asichekwe, asilazimishwe kukaa. Mwenye sale abadilishe diski. Ya mpira haikosekani.