Spea ya Gari la Moshi Hainunuliwi Dukani

Wasee wangu wa Tongaren, leo tuongee vyuma.

Nikiwa mdogo tulikuwa tunaunda treni kwa mikebe ya mafuta ya kupikia. Magurudumu tulikata kwa slipa zilizoisha, na ekseli ilikuwa waya. Gurudumu likipasuka, hakuna aliyeenda dukani kuuliza spea. Ulitafuta slipa nyingine, ukaweka gurudumu zima juu yake, ukachora duara, ukakata. Basi. Sikujua kwamba hivyo ndivyo hata injini kubwa ya mvuke inavyotengenezwa ikiharibika.

Reli yenyewe haikupita Tongaren. Ile kuu ya kwenda Uganda iko chini kwetu, inapita Webuye na Bungoma hadi Malaba. Ile ya Kitale ilichepuka kutoka Leseru, ikafika Kitale mwaka 1926. Kwa hivyo wazee wengi wa huku walisikia mlio wa gari la moshi kabla hawajapanda matatu. Vijana wa leo tukitaka kuona injini hizo lazima twende Nairobi, kwenye Makumbusho ya Reli yaliyofunguliwa mwaka 1971.

Huko ndiko iko injini nambari 5918, Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za daraja la 59, zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, mwaka 1955 na 1956. Zote zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Gelai uko Tanzania, karibu na Ziwa Natron. Injini moja ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 30 na uzito wa tani 250 hivi. Hakuna injini za mvuke zilizokuwa kubwa kuliko hizi kwenye reli ya upana wa mita moja, dunia nzima.

Umbo lake linaitwa Garratt. Boila imekaa katikati, na mbele na nyuma yake kuna seti mbili za magurudumu, kila moja na silinda zake. Hivyo mzigo unagawanyika na injini inakunja kona kama siafu. Ila kuna shida: mvuke lazima ufike pande zote mbili huku injini ikijikunja, kwa hivyo mabomba yake yana viungo vinavyocheza kama goti la mtu. Kiungo kimoja kikianza kuvuja, nguvu yote inaenda hewani.

Sasa niulize. Kiungo kama hicho kikiisha leo, utanunua wapi?

Njia ya kwanza ni kiwandani. Lakini Beyer, Peacock walifunga kiwanda chao cha Gorton mwaka 1966. North British ya Glasgow, walioiunda injini nyingine ya makumbusho hayo, nambari 3020 Nyaturu, walifilisika mwaka 1962. Wenye duka wamefunga zamani.

Njia ya pili ni kutoa kwa injini nyingine, kama tunavyofanya na pikipiki. Hapo napo kuna maumivu. Kati ya zile 34, zimebaki mbili tu: Mount Gelai na Mount Shengena, nambari 5930. Nyingine 32 zilikatwa zikawa vyuma chakavu. Ukiitoboa ya pili ili kuponya ya kwanza, umebaki na injini moja na mzoga.

Njia ya tatu ni kuunda upya, na hapa ndipo nataka tuelewane. Unahitaji vitu vitatu. Kwanza mchoro wenye vipimo. Nyaraka za Beyer, Peacock zimehifadhiwa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi na viwanda huko Manchester. Pili, kielelezo cha mbao, ambacho kinagandamizwa kwenye mchanga ili chuma kilichoyeyushwa kimiminwe mahali pake. Tatu, fundi. Mtu anayejua kwamba chuma kikipoa kinasinyaa, kwa hivyo kielelezo lazima kizidi kidogo. Anayejua kukereza beringi mpaka ikae sawa. Anayesikia boila ikipumua vibaya kabla geji haijasema.

Mchoro unaweza kupigwa picha na kutumwa kwa simu. Fundi je?

Tena mafundi hao walikuwa wetu. Karakana kuu ya reli Nairobi ilijaa Waafrika na Wahindi waliozifumua injini hizi na kuziunganisha tena mwaka baada ya mwaka. Gorton ilifungwa 1966. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na shirika la reli la pamoja likaenda nayo. Lakini injini za mvuke ziliendelea kuvuta mizigo Kenya hadi karibu 1980. Yaani miaka kama 14 baada ya aliyeziunda kufunga mlango, mikono ya hapa ilizifanya zitembee. Na baada ya mwaka 2000, Mount Gelai iliwashwa tena ikavuta abiria. Haikujiwasha.

Najua kuna mtu ataniambia, "Bana, hizo ni takataka za mkoloni, ziuzwe skrepu." Nimekusikia. Ni kweli reli ililetwa kwa faida yao, na watu walipokonywa ardhi kwa sababu yake. Lakini kuuza chuma hakumrudishii mtu shamba. Na skrepu tumeiona: Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa, kisha ikairuhusu tena miezi michache baadaye. Kilo moja ya chuma unaiuza mara moja. Ujuzi wa kukiunda ungekulisha maisha yako yote.

Waingereza wenyewe waliuona ukosefu huu. Walipoamua kuunda injini mpya ya mvuke, Tornado, iliyokamilika mwaka 2008, boila waliagiza Meiningen, Ujerumani, kwa sababu huko bado kulikuwa na karakana ya kazi hiyo. Nchi iliyoanzisha gari la moshi ilienda kwa jirani kutafuta fundi! Basi sisi tusidhani ujuzi utatungoja.

Khocha wangu ana mashine ya kusaga posho. Beringi ikiisha na Kitale hakuna saizi yake, anampelekea fundi wa jua kali ile iliyoisha, anaiweka mezani, anaondoka. Jioni anapata mpya. Huyo fundi hana cheti, na hakuna aliyewahi kuandika anachojua. Akifa, mashine zote za kijiji zitaugua.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Wale mnaosoma uhandisi wa mitambo Kitale, nendeni Nairobi mkaiangalie Mount Gelai, mpime hata kifaa kimoja, mkichore. Na kama babu yako alifanya kazi ya reli Webuye, Bungoma, Eldoret au Nairobi, keti naye wikendi hii. Washa rekoda ya simu. Usimuulize habari za zamani kwa jumla. Muulize: "Babu, hiki mlikitengeneza vipi?" Kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize.

Slipa ya kukata gurudumu tutaipata kila siku. Lile gurudumu zima la kuchorea ndilo tusilipoteze.