Mwaka wa Kungoja Kabambare

Historia ya Kabambare na Kasongo, miji ya Maniema, mashariki mwa Kongo, imezoeleka kuandikwa kwa miguu. Tunasoma nani alitoka Ujiji, akavuka Ziwa Tanganyika, akafuata bonde la Luama hadi Lualaba. Alirudi na pembe ngapi, na njiani alipigana na nani. Ukiisoma hivyo, kusini mwa Maniema panakuwa njia tu, na wenyeji wake wanakuwa watu wa kupitiwa. Nashika kauli tofauti. Mwaka wa msafiri wa karne ya 19 katika nchi hii ulikuwa na miezi michache ya kutembea na mingi ya kukaa: kungoja mvua ziishe, kungoja pembe zipatikane, kungoja nguo na barua kutoka pwani, kungoja mguu upone. Na mengi ambayo Maniema imebaki nayo, Kiswahili chake kwanza kabisa, yalizaliwa zaidi katika kukaa huko kuliko katika mwendo.

Shahidi mzuri kuliko wote ni mtu ambaye hakutaka kukaa hata siku moja. David Livingstone alifika Kabambare, ambayo yeye aliiandika Bambarre, Septemba 1869, akiamini kwamba Lualaba ndio mwanzo wa Nile. Alijaribu kusonga mbele akashindwa. Julai 1870 alirudi na vidonda vya miguu visivyotaka kupona. Wafuasi wake wengi walikuwa wamemwacha, amebaki na watatu, Susi, Chuma na Gardner. Hakuondoka tena hadi 16 Februari 1871. Katika miezi hiyo alisaga jiwe la malakiti kwa maji na kujipaka vidondani kwa unyoya. Biblia aliisoma yote mara nne alipokuwa Maniema, na alipoishiwa karatasi na wino aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa maji ya mimea. Hapo ndipo mtu wa kupima mito alipoanza kuitazama nchi. Aliandika kwa urefu juu ya sokwe wa msituni na namna wanavyokusanyika kupiga magogo yenye uwazi kama ngoma. Aliposogea hadi Nyangwe, kwenye Lualaba, alingoja tena miezi, safari hii akingojea mtumbwi, na siku za soko alikaa kutazama maelfu ya wanawake wakibadilishana samaki, mafuta, chumvi na vyungu. Kurasa hizo ndizo zinazotufaa leo. Nadharia yake ya Nile, aliyoitolea afya yake yote, ilikuwa kosa. Alichokiona alipokwama ni kweli.

Wenye misafara walikaa zaidi yake. Mmoja wao, Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed, aliingia bara katika safari yake kubwa mwaka 1870, na hakurudi Unguja hadi 1882. Miaka 12 haiitwi safari, ni makazi. Kasongo ulikuwa mji wa makazi hayo, na aliyeueleza vizuri alikuwa adui. Sidney Hinde, daktari Mwingereza katika jeshi la Dola Huru ya Kongo, aliingia Kasongo ulipotekwa tarehe 22 Aprili 1893. Alikuta maghala yaliyojaa mpunga, mahindi na kahawa, vitanda vya kuchongwa vyenye vyandarua vya hariri, na bustani za machungwa, mapera, makomamanga, mananasi na maembe. Mtu aweza kusema kwamba mshindi hupenda kuutukuza mji alioupiga ili atukuke yeye. Lakini jeshi lake lilikuwa limekuja kwa madai ya kuondoa unyama wa Waarabu, na sifa za bustani hazikuyasaidia madai hayo hata kidogo. Tena mti wa mchungwa una hoja yake wenyewe: anayeupanda amekusudia kuwapo miaka kadhaa mpaka uzae.

Ngoma nayo inasema hivyo hivyo. Njiani mpagazi aliimba wimbo wa mzigo, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, na wimbo wa namna hiyo waweza kushikwa kwa siku mbili. Lakini Watetela na Wakusu walikuwa na lokombe, ngoma ya gogo lililotobolewa, inayopeleka habari kwa kuiga kupanda na kushuka kwa sauti za lugha yenyewe. Hiyo haijifunzwi na mpita njia. Mgeni anayetaka kujua inasema nini lazima kwanza aijue lugha, na lugha haipatikani bila kukaa kitako jioni nyingi, kuoa au kuolewa, kuzaa. Kusini mwa Maniema, miongoni mwa Wabangubangu, Wazimba na Wakusu, watu wa ngoma ya ngozi walifika katika nchi ya ngoma ya mti, wakaketi humo.

Kuna pingamizi zito, na ningeona aibu kulipita kwa haraka. Waliokuwa wakingoja walikuwa wawindaji wa watu. Tarehe 15 Julai 1871, katika soko lile lile la Nyangwe, watu wenye bunduki waliwafyatulia risasi wanawake waliokuja kuuza, wengi wakazama Lualaba. Waarabu wenyewe walikisia waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Je, kuzungumza juu ya bustani na ngoma si kuipaka damu rangi? Ingekuwa hivyo kama kukaa kungekuwa kwa matajiri peke yao. Lakini aliyelima mpunga wa Kasongo alikuwa mtumwa, na aliyepika, aliyeshona na aliyelea watoto mara nyingi alikuwa mwanamke aliyetekwa katika vijiji vya jirani. Watoto wao ndio waliokuja kuitwa wangwana, na lugha yao ikaitwa Kingwana. Tukiandika mapigano peke yake, hawa wanaonekana siku ya kutekwa tu, kisha wanatoweka. Tukiandika miezi ya kukaa, tunawaona wakijenga mji ambao hawakuuchagua. Dhuluma haipungui kwa kusema hivyo. Inapata sura za watu.

Wengine watasema Kiswahili cha Maniema ni kazi ya Wabelgiji, waliokihitaji kwa jeshi, migodi na shule. Ni kweli kwamba utawala ulikieneza mbali kuliko misafara ilivyofika. Lakini utawala ulikikuta kimeshasimama. Kabambare ilipoangukia mikononi mwa Dola Huru mwanzoni mwa 1894, waliotawanyika ni mabwana, wasemaji walibaki. Mwaka 1928 John Whitehead, mmisionari wa Wayika kwenye Lualaba, alitoa kitabu cha kufundishia Kingwana, kwa sababu wageni walilazimika kujifunza lugha waliyoikuta. Na mahali pa Kasongo ya zamani panaitwa Tongoni, neno la Kiswahili linalomaanisha mahameni. Waliolitoa jina hilo ni watu wanaojua kwamba hapa palikaliwa.

Mwendo ulikuwa na upande wa pili pia. Wamanyema, yaani watu wa Maniema, walikwenda mashariki, kwa kamba za utumwa na baadaye kwa hiari, wakakaa Ujiji, Tabora na pwani. Kariakoo, Dar es Salaam, upo Msikiti wa Manyema. Hao nao wana miaka yao ya kungoja, na inastahili kuandikwa kwa uzito ule ule.

Nawarudia Susi na Chuma. Mwaka 1870 nao walikwama Kabambare, na huenda miguu yao ilikuwa mizima. Jioni yaelekea walikuwa na nafasi ambayo mgonjwa ndani ya kibanda hakuwa nayo, ya kuzunguka kambini na kusikia kinachopigwa na kinachoimbwa. Baada ya Livingstone kufa mwaka 1873, wao na wenzao waliubeba mwili wake hadi pwani, kisha mwaka 1874 walikuwa Uingereza wakimsaidia Horace Waller kutengeneza shajara za mwisho za Livingstone ziwe kitabu. Kitabu kikatoka mwaka huo huo, kikiwa na majina ya mito, vijiji na machifu, na kumbukumbu zao zilisaidia kukitengeneza. Mwaka wao wenyewe wa Kabambare, yaani kambi, jioni zake na nyimbo walizozisikia, haumo.