Ghala na Chungu cha Wasiojiweza

Katika nchi ya Wasukuma, ambamo Didia ya Shinyanga imo, elimu ya kuhifadhi chakula ilitangulia shule. Kiangazi huko ni kirefu, na aliyetaka kula mwaka mzima hakuwa na budi kushindana na unyevu na wadudu. Viazi vitamu vilikatwa vipande na kuanikwa vibichi, vikaitwa michembe. Au vilichemshwa kwanza ndipo vikaanikwa, vikaitwa matobolwa. Nafaka nayo ilikaushwa juani, kisha ikawekwa katika vihenge vilivyoinuliwa juu ya ardhi.

Sababu ya hekima hiyo ilidhihirika baadaye. Mwaka 1960, nchini Uingereza, walikufa batamzinga zaidi ya 100,000 waliolishwa mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Uchunguzi wa vifo hivyo ulifichua sumukuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hii haionekani kwa jicho, wala moto wa kupikia hauiondoi. Mwaka 2004 iliwaugusha watu 317 mashariki mwa Kenya, wakafa 125. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, waliugua watu 68, wakafa 20. Desturi ilijua kukausha. Haikujua kwamba punje zilizokwisha kuota kuvu hazitakaswi kwa kuchemshwa.

Lakini desturi ilikuwa na ulinzi mwingine, nao ndio unaostahili kufikiriwa. Zamani mwenye ghala na mlaji walikuwa watu wa nyumba moja: mama aliyepika nafaka mbovu aliila pamoja na wanawe. Leo wapo wanaolishwa na ghala wasiloliona, kama wazee wa makazi ya Kolandoto, mkoani humo humo, au watoto wenye ualbino waliopata hifadhi Buhangija baada ya mauaji ya miaka ya 2000. Mlaji wa namna hii hawezi kuchagua gunia wala kukataa sahani. Mwili wake dhaifu hulipa kwanza.

Kwa hiyo mpishi wa makao hayo amerithi wajibu wa mama mwenye kihenge. Yampasa kupokea mahindi makavu tu, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, kuyapanga juu ya vichaga, mbali na ukuta, kutumia kwanza ya zamani, na kuyatenga yaliyooza yasiende chunguni, wala kwa kuku, wala katika pombe. Gunia likitupwa, hasara huandikwa daftarini. Likipikwa, hasara hiyo huandikwa katika miili ya watu wasioweza kudai.