Ile Leseni ya Bure Iliyotaka Kuwalia Watu Hela

Kuanzia Ngenge huko Muleba mpaka Bukoba mjini, mtu akitaka kucheza bao anatafuta kete na mpinzani, basi. Hakuna wa kumwomba kibali. Miaka ya 1940 jamaa mmoja wa Marekani alitoa mchezo wake wa ukoo huohuo wa bao, akauita Kalah, akauuza, na baadaye akauchukulia hataza kwao. Afrika hakuomba ruhusa kwa yeyote, maana namna ya kucheza haina hakimiliki. Mkataba wa TRIPS, ambao Tanzania imo, unasema hivyohivyo: kinacholindwa ni jinsi wazo lilivyoelezwa, sio wazo lenyewe.

Sasa kuna vijana wanaopenda gemu za mezani za kutupa dadu na kuigiza wahusika, na wanatamani kuzihamishia kwenye sheria nyingine, labda na hadithi za huku kwetu. Kwa hiyo ni ruksa tu? Ngoja kwanza.

Dungeons & Dragons ilitoka mwaka 1974 ikiwa na viumbe walioitwa "hobbit". Neno hilo lilitoka kwenye vitabu vya watu. Wenye haki wakaja juu, na viumbe wale wakabadilishwa jina wakawa "halfling". Dadu zilibaki vilevile, jina ndilo lililoleta mgogoro.

Mwaka 2000 wamiliki wapya, Wizards of the Coast, wakatoa leseni ya wazi: chukua maandishi ya sheria za msingi, tunga yako, uza, hulipi kitu. Ila baadhi ya majina waliyabana, mfano "beholder". Watu wakafungua kampuni wakitegemea karatasi hiyo. Iliandikwa kwamba ni ya kudumu, lakini haikuandikwa kwamba haiwezi kufutwa. Hapo ndipo pakavuja.

Januari 2023 rasimu ya leseni mpya ikavuja mtandaoni. Ya zamani ingekosa nguvu, na anayeingiza zaidi ya dola 750,000 kwa mwaka angekatwa asilimia kwenye kinachozidi. Mtandao ukawaka moto! Wachezaji wakafuta usajili wao wa kulipia, washindani wakaanza kuandaa leseni yao. Tarehe 27 Januari kampuni ikarudi nyuma, ikaweka sheria za msingi chini ya Creative Commons, leseni ambayo haifutiki.

Kwa hiyo kijana wa Ngenge mwenye ndoto hiyo afanye hivi: aeleze sheria kwa maneno yake mwenyewe, asiguse majina, picha wala hadithi za watu, na kama anatumia leseni, aisome yote, hasa pale panapoeleza nani anaweza kuibadilisha. Akichanganya gemu mbili, asome leseni zote mbili.

Ungekuwa wewe, ungejenga biashara juu ya leseni ya mtu? Funguka hapo chini.