Kukata usukani

Usukani ulianzia majini. Asili yake ni neno la Kiarabu, sukkan, na kwa mabaharia wa pwani ni ule ubao wa nyuma unaoelekeza jahazi. Gari lilipokuja likalirithi jina hilo, ingawa gereji nyingi siku hizi husema "stelingi" tu.

Kitenzi chake ndicho kitamu zaidi: dereva hukata usukani. Kwenye Land Rover Series, isiyo na pawa stelingi, kukata gari likiwa limesimama kulikuwa kazi ya mabega. Madereva wa zamani waliliacha litambae kidogo, ndipo wakate.

Kisha Chrysler ikaleta pawa stelingi kwenye Imperial ya 1951, na mikono ikadeka.

Tabia ile ya kale ya kuliacha gari litambae kwanza bado inafaa, hata kwenye pawa stelingi ya oili. Ukikata hadi mwisho gari likiwa limesimama ukang'ang'ania hapo, presha hupanda, pampu yake hulia na oili hupata moto. Oili ya ATF, inayotumika kwenye magari mengi ya zamani, huwa nyekundu. Ikigeuka kahawia na kunuka kuungua, ibadilishwe. Ikipungua, fundi asijaze tu: achungulie mipira ya presha na sili za stelingi boksi.