Daktari mtarajali na somo la kuboresha huduma
Nchini Tanzania, mhitimu wa udaktari hufanya kazi hospitalini kwa mwaka mmoja chini ya usimamizi. Huyo ndiye daktari mtarajali. Zaidi ya kutibu, anapaswa kujifunza kuboresha huduma kwa hatua nne: kupanga, kutekeleza, kupima na kurekebisha.

Tuchukue mjamzito anayesubiri upasuaji wa dharura. Mtarajali huandika dakika anazosubiri, hutafuta kinachochelewesha, hubadili jambo moja, kisha hupima tena.

Kupima huokoa maisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu orodha ya ukaguzi wa upasuaji katika hospitali 8 duniani, mojawapo ya Ifakara, ulionyesha vifo vilipungua kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8.

Ukiulizwa umesubiri muda gani, sema ukweli. Jibu lako ni sehemu ya kipimo.