Grant Fuhr: Mlinda lango wa Kanada aliyefungwa mengi na kutwaa makombe matano

Katika orodha ya walinda lango waliofungwa magoli machache zaidi kwenye historia ya Ligi ya Taifa ya Hoki, NHL, jina la Grant Fuhr haliko hata karibu na juu. Kwa misimu 19, mchezaji huyo wa Kanada aliruhusu wastani wa magoli 3.38 kwa mchezo, na ni mara 25 tu alizomaliza mchezo bila kufungwa. Terry Sawchuk, Mkanada mwenzake wa kizazi kilichotangulia, alifanya hivyo mara 103.

Hata hivyo, jina la Fuhr limechongwa mara tano kwenye Kombe la Stanley, taji kuu la mchezo huo. Ndiye mchezaji wa kwanza mweusi kuingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri wa Hoki mjini Toronto. Naye Wayne Gretzky, ambaye wengi humhesabu kuwa mchezaji bora kupata kutokea katika hoki, amemtaja Fuhr kuwa mlinda lango bora kuliko wote. Anayetaka kuelewa jinsi mambo haya mawili yanavyokaa pamoja hana budi kuanza na kazi yenyewe ya mlinda lango.

Kazi ya mtu mmoja

Hoki ya barafuni huchezwa na watu sita kila upande, katika uwanja wenye urefu wa takriban mita 61 na upana wa mita 26, kwa vipindi vitatu vya dakika 20. Mahali pa mpira hutumika kisahani cha mpira mgumu chenye uzito wa gramu 170 hivi. Kikipigwa kwa gongo, kisahani hicho huweza kwenda kwa kasi inayozidi kilomita 150 kwa saa. Lango lina robo ya upana na nusu ya kimo cha lango la soka, lakini mikwaju huja mingi mno. Si ajabu mlinda lango kupigiwa mikwaju 30 katika mchezo mmoja.

Wachezaji wengine hupokezana, kila mmoja akikaa barafuni chini ya dakika moja kabla ya kurudi benchi kupumzika. Mlinda lango hubaki peke yake tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa miongo mingi, ubora wake ulipimwa kwa hesabu nyepesi. Tuzo ya Vezina, ambayo ndiyo heshima kuu ya walinda lango, ilitolewa kwa walinda lango wa timu iliyofungwa magoli machache zaidi katika msimu. Utaratibu huo ulibadilishwa kuanzia msimu wa 1981-82. Tangu hapo mshindi wa Vezina huchaguliwa kwa kura za mameneja wa timu, na waliofungwa machache hupewa tuzo nyingine, iitwayo Jennings. Msimu huohuo ndio Fuhr alioanza kucheza katika NHL.

Kutoka Spruce Grove hadi Edmonton

Fuhr alizaliwa tarehe 28 Septemba 1962, akalelewa katika mji mdogo wa Spruce Grove, magharibi ya Edmonton, jimbo la Alberta. Wazazi waliomlea, Robert na Betty Fuhr, walikuwa weupe, nao walimchukua akiwa mtoto mchanga. Alianza kukaa langoni tangu utotoni. Alipofikia ujana alijiunga na timu ya vijana ya Victoria Cougars katika jimbo la British Columbia.

Mwaka 1981 timu ya Edmonton Oilers ilimchagua akiwa wa nane katika uteuzi wa wachezaji chipukizi. Wakati huo wachezaji weusi waliopata nafasi katika NHL walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Wa kwanza, Willie O'Ree wa jimbo la New Brunswick, alikuwa ameichezea Boston Bruins mwezi Januari 1958. Si kwamba Wakanada weusi hawakuujua mchezo huo: huko Halifax, jimbo la Nova Scotia, walianzisha ligi yao wenyewe mwaka 1895, zaidi ya miaka 20 kabla ya NHL kuundwa.

Akiwa na umri wa miaka 19, Fuhr alipoteza mchezo wake wa kwanza, kisha akacheza michezo 23 mfululizo bila kushindwa. Msimu uliofuata ulikuwa mgumu. Kiwango chake kilishuka, naye akapelekwa kwa muda Moncton, katika ligi ya daraja la chini, hadi alipojirekebisha.

Nyuma ya timu iliyosahau kulinda

Oilers ya miaka ya 1980, chini ya kocha Glen Sather, ilikuwa timu ya kushambulia. Gretzky, Mark Messier, Jari Kurri, Glenn Anderson na Paul Coffey walifunga magoli kwa wingi usiopata kuonekana. Kwa misimu mitano mfululizo timu hiyo ilivuka magoli 400, na katika msimu wa 1983-84 ilifunga 446, idadi ambayo ni rekodi ya ligi. Hata Fuhr mwenyewe alichangia. Msimu huo alitoa pasi 14 zilizozaa magoli, idadi ambayo hakuna mlinda lango aliyewahi kuifikia.

Raha hiyo ilikuwa na gharama yake. Wachezaji watano walipokimbilia mbele, mashambulizi ya kushtukiza yalimkuta Fuhr hana beki wa kumsaidia, mara kwa mara akikabiliwa na washambuliaji wawili au watatu. Kufungwa magoli manne hakukuwa balaa ikiwa wenzake walifunga saba. Kilichotakiwa kwake ni kutofungwa goli lile ambalo lingegeuza mchezo.

Ushahidi wa wazi ulipatikana mwezi Mei 1984. Oilers waliingia fainali dhidi ya New York Islanders, mabingwa wa miaka minne mfululizo, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wamewafunga michezo minne kwa bila. Katika mchezo wa kwanza, ugenini, washambuliaji wa Edmonton walibanwa wakapata goli moja tu, lililofungwa na Kevin McClelland katika kipindi cha tatu. Fuhr aliokoa kila mkwaju, na timu yenye magoli 446 ikashinda 1-0. Aliumia bega katika mchezo wa tatu, na mwenzake Andy Moog akamalizia kazi. Edmonton ilitwaa kombe lake la kwanza, naye Fuhr akawa mchezaji wa kwanza mweusi kulitwaa Kombe la Stanley.

Mwaka 1985, katika fainali dhidi ya Philadelphia Flyers, alizuia mikwaju miwili ya penalti, wa Ron Sutter na wa Dave Poulin, na kombe likabaki Edmonton. Mwaka 1986 alionja uchungu wa kazi hiyo. Katika mchezo wa saba dhidi ya Calgary Flames, beki wake mwenyewe, Steve Smith, alijaribu kupiga pasi kutoka karibu na lango. Kisahani kiligonga mguu wa Fuhr kutoka nyuma na kuingia wavuni. Edmonton ilitolewa kwa 3-2. Kombe lilirejea mwaka 1987, baada ya michezo saba dhidi ya Flyers.

Magoli 16 na sifa tele

Mwezi Septemba 1987 Kanada ilikutana na Muungano wa Kisovieti katika fainali ya mashindano ya Kombe la Kanada. Fuhr alikuwa amekaa langoni katika kila mchezo wa timu yake. Fainali ilikuwa ya michezo mitatu, na yote mitatu iliisha kwa 6-5. Wasovieti walishinda wa kwanza katika muda wa nyongeza. Kanada ilishinda wa pili, nao pia katika muda wa nyongeza. Katika wa tatu, uliochezwa Hamilton, jimbo la Ontario, Kanada ilitanguliwa kwa magoli matatu kabla ya kusawazisha. Mario Lemieux alifunga goli la ushindi ikiwa imebaki dakika moja na nusu hivi.

Fuhr alifungwa magoli 16 katika michezo hiyo mitatu. Kwa kipimo cha zamani, huyo ni mlinda lango aliyeshindwa. Waliotazama, hata hivyo, waliona jambo jingine: mbele ya washambuliaji hodari wa Kisovieti, na mbele ya mabeki waliokuwa wakipanda kushambulia, aliokoa mikwaju ambayo ingemaliza fainali mapema. Lemieux asingekuwa na nafasi ya kufunga goli la ushindi kama mlinda lango wake angekubali la sita.

Baada ya hapo ulikuja msimu wake bora, wa 1987-88. Kati ya michezo 80 ya timu yake alicheza 75, akashinda 40. Mameneja walimpigia kura ya Vezina, na katika kura ya mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi kwa timu yake, yaani Tuzo ya Hart, alishika nafasi ya pili nyuma ya Lemieux. Katika mchujo alishinda michezo 16 na kupoteza miwili tu, na kombe la nne likapatikana. La tano lilikuja mwaka 1990. Safari hiyo majeraha yalimweka Fuhr nje, na Bill Ranford ndiye aliyesimama langoni.

Kuanguka na kurudi

Mwezi Agosti 1990 ilifichuka hadharani kwamba Fuhr alikuwa ametumia dawa za kulevya kwa miaka kadhaa. Alikiri. Alikuwa tayari amepata matibabu mwaka uliotangulia, lakini rais wa ligi, John Ziegler, alimfungia kwa mwaka mmoja, akimwachia nafasi ya kurejeshwa mapema. Alikosa michezo 59. Tarehe 18 Februari 1991 alirudi langoni dhidi ya New Jersey Devils, na mchezo ukaisha 4-0 bila yeye kufungwa.

Miezi michache baadaye Oilers walimhamishia Toronto Maple Leafs, katika mabadilishano makubwa ya wachezaji. Toronto nayo ilimpeleka Buffalo Sabres mwaka 1993. Huko alikutana na mambo mawili tofauti. La kwanza lilikuwa la fedheha. Klabu moja ya gofu karibu na mji huo ilikataa ombi lake la uanachama, na habari ilipofika magazetini ikaomba radhi. La pili lilikuwa la kazi. Kijana kutoka Jamhuri ya Czech, Dominik Hašek, alichukua nafasi yake wakati Fuhr alipoumia goti, na hakuiachia tena. Mwaka 1994 wawili hao walipewa kwa pamoja Tuzo ya Jennings, ile ya waliofungwa machache. Hivyo Fuhr alipata tuzo ya hesabu katika mwaka ambao kazi kubwa ilifanywa na mwenzake.

Baada ya kipindi kifupi na Los Angeles Kings, wengi walimhesabu kuwa amekwisha. St. Louis Blues walimsajili mwaka 1995, na kocha Mike Keenan alimwadhibu mwanzoni kwa kufika mazoezini akiwa mzito kupita kiasi. Akiwa na umri wa miaka 33, Fuhr alijibu kwa kucheza michezo 79 kati ya 82 ya msimu, 76 ikiwa mfululizo, na zote mbili ni rekodi za NHL kwa mlinda lango. Katika mchujo wa 1996, mshambuliaji wa Toronto, Nick Kypreos, alimwangukia na kano za goti zikakatika. Alifanyiwa upasuaji, akarudi msimu uliofuata na kucheza michezo 73.

Alimalizia kwa msimu mmoja na Calgary Flames, akastaafu mwaka 2000 akiwa na ushindi 403 katika michezo 868. Baadaye alifundisha walinda lango wa timu za NHL.

Alichoacha

Tarehe 9 Oktoba 2003 Oilers waliiondoa jezi namba 31 katika matumizi, na mwezi uliofuata Fuhr akaingizwa katika Ukumbi wa Mashuhuri. Willie O'Ree, aliyefungua njia mwaka 1958, aliingizwa mwaka 2018. Wa tatu katika simulizi hii ni Jarome Iginla, aliyezaliwa Edmonton na baba kutoka Nigeria, akakulia jirani na mji huo wakati Oilers walipokuwa wakitwaa makombe. Iginla ameeleza kwamba wenzake utotoni walimwambia hakuna weusi wengi katika NHL, naye aliweza kuwajibu kwa kumtaja Grant Fuhr. Alikuja kufunga zaidi ya magoli 600 katika ligi hiyo, na mwaka 2020 akachaguliwa kuingia katika ukumbi huohuo.

Wastani wa magoli 3.38 ungali katika vitabu vya kumbukumbu, na hakuna anayeubisha. Lakini mameneja waliopiga kura mwaka 1988 waliupima mchezo wake kwa mikwaju ambayo ingewanyima Edmonton ubingwa, na mikwaju hiyo, mara nyingi, haikuingia.